Chensoo ya mpini wa juu: kiwiko changu kimeshukuru

Napogoa miti Arusha, zaidi mijakaranda na migrivea ya uani kwa watu. Miaka mingi nilipanda na chensoo ya mpini wa nyuma, ile ya kupasulia magogo. Ukiining'iniza kiunoni inakuvuta kama ndoo ya maji, na ikifika saa sita kiwiko hakikunjiki.

Sasa natumia Echo CS-2511, ya mpini wa juu. Injini ni cc 25, uzito kilo 2.3 bila mnyororo na upanga, lile bapa la chuma ambalo mnyororo unazungukia. Mpini umekaa juu ya injini yenyewe, kwa hiyo unaigeuza kati ya matawi bila kupigana nayo. Tawi la unene wa paja inalimaliza vizuri. Shina nene usiilazimishe. Shuka ukachukue kubwa.

Petroli nachanganya na mililita 20 za oili ya tustroku kwa kila lita. Oili ya mnyororo usibanie. Ile chensoo ya zamani niliitilia oili chafu ya gari kwa ushauri wa jirani, upanga ukaungua hadi ukawa wa buluu.

Hatari ya wepesi ni kukata kwa mkono mmoja. Nilijaribu na moja ya kuazima: ncha ikagusa tawi la nyuma, ikaruka ikapita karibu na kofia. Nilikaa juu pale dakika kumi, magoti yanacheza.

Ukienda dukani, ishike ukiwa umevaa mkanda wako wa kupandia. Muuzaji atacheka. Wangu alicheka.