Kujiunga na chama cha wafanyakazi au kujisimamia mwenyewe

Ukijisimamia, hukatwi ada ya uanachama, na kama una ujuzi adimu unaweza kujadili mshahara wako moja kwa moja na mwajiri. Ni faida ya kweli, ila ya wachache.

Kwa mfanyakazi wa kawaida, chama kinashinda, hasa kwenye mkataba wa hali bora (makubaliano ya chama na mwajiri kuhusu mishahara na masharti ya kazi) na mashauri ya nidhamu. Ukipewa barua ya kukutaka ujieleze kuhusu kosa, usijibu kwa hasira: mwone mwakilishi wa chama kabla muda wa kujibu haujaisha, nenda naye kwenye kikao, dai kuonyeshwa ushahidi na upewe nakala ya muhtasari. Asiye mwanachama mara nyingi huingia peke yake, akasaini asichokielewa.

Kasoro zipo. Viongozi wakilala, ada ni hasara. Na anayejiunga baada ya kufukuzwa huenda asisaidiwe. Kabla ya kujaza fomu, soma katiba, uliza mkataba wa hali bora uliopo unaisha lini na nani hukagua hesabu.

Mkataba Na. 98 wa Shirika la Kazi Duniani (1949) unapinga kumfukuza mtu kwa sababu ya uanachama wake. Hata hivyo, tunza nakala ya kila barua.