Oodi, Helsinki: Desemba yangu kwenye cherehani ya maktaba

Nianze na jua, maana bila hilo hamtanielewa. Desemba hapa Helsinki jua linachomoza saa 3 na dakika zake asubuhi, na saa 9 na nusu alasiri limeshazama. Hata hapo katikati haliwaki, linachungulia tu kama mdeni aliyesikia hodi. Mimi nimekulia Muheza, mkoani Tanga, ambako Krismasi ni joto, embe na shati linalogandia mgongoni. Mwaka wangu wa kwanza huku nilidhani naumwa. Nilikwenda kulala saa 11 jioni nikijua ni usiku wa manane.

Wenyeji wana dawa yao, nayo ni kutoiacha mikono ikae bure. Tangu Novemba wanafuma soksi za sufu hadi ndani ya metro, wanawasha mishumaa, wanaoka. Nikaona na mimi niinunue hiyo dawa. Nililipa yuro 55 kwenye darasa la kuoka la duka moja ambalo sitalitaja. Tulikuta unga umeshakandwa na umeshasukumwa, kazi yetu ikawa kukata nyota na kupiga picha. Nilirudi nyumbani na biskuti 11. Najua ni 11 kwa sababu nilizihesabu kwenye tramu.

Aliyenitoa huko ni bibi wa ghorofa ya chini yangu, ana miaka themanini na kitu, maneno yake ni ya kupima kwa kijiko. Nilipomsimulia habari ya yuro 55 alinyamaza, kisha akasema, "Lakini Oodi ni bure."

Basi hii ni tathmini ya Oodi, kwa Mswahili anayeupitisha msimu wa Krismasi Helsinki, awe mkazi au mgeni wa wiki mbili.

Oodi ni maktaba ya jiji iliyo katikati kabisa, hatua chache kutoka stesheni kuu ya treni. Ilifunguliwa tarehe 5 Desemba 2018, siku moja kabla Ufini haijatimiza miaka 101 ya uhuru, na mwaka uliofuata IFLA, shirikisho la maktaba la kimataifa, likaipa tuzo ya maktaba bora ya umma. Kwa nje ni jengo refu lililovikwa mbao za msprusi, juu limepinda kama jahazi lililokalia mawimbi. Mbele yake kuna uwanja mpana, na ng'ambo ya uwanja ndipo lilipo Bunge na nguzo zake 14 za mawe. Mbunge akitoka nje anatazamana na watu wanaosoma. Nalipenda sana jambo hilo, ingawa sijui wabunge wenyewe wanalionaje.

Ukiingia hakuna anayekuuliza kitambulisho wala unanunua nini. Mtu wa Dar au Mombasa anaweza asiuone uzito wa maneno hayo, kwa sababu kwetu baraza ni bure na kivuli cha mwembe ni bure. Huku, Desemba, mahali pa kukaa penye joto huwa pana bei, na bei yenyewe ni kikombe cha kahawa ambacho itabidi ukinywe polepole sana. Hapa unaning'iniza koti, unakung'uta theluji kwenye viatu, unakaa mpaka saa 3 usiku kama ni siku ya kazi. Sheria ya maktaba ya Ufini inataka kukopa vitabu na kuvitumia pale pale kuwe bure. Kadi utaihitaji ukitaka kukopa, na ukiwa na kitambulisho na anwani ya Ufini unapewa. Kadi hiyo moja inafanya kazi kwenye maktaba zote za mtandao wa Helmet, yaani Helsinki, Espoo, Vantaa na Kauniainen.

Chini kuna mkahawa na sinema, nitapapita. Juu ndiko kwenye vitabu, nitapanda baadaye. Roho yangu iko katikati, kwenye mashine.

Ghorofa ya katikati imejaa vitu ambavyo sikuwahi kuvihusisha na maktaba: vyumba vya kurekodia muziki, mashine za kuchapa vitu vya plastiki, mashine za kutengeneza beji za kifuani, na cherehani. Cherehani za umeme, na ovaloki zake za kumalizia kingo. Unaweka nafasi kwa simu kupitia Varaamo, huduma ya jiji ya kuwekea nafasi, kisha unafika na kitambaa chako na uzi wako. Kutumia cherehani hulipi kitu. Mama yangu alishonea nyumba nzima kwa cherehani ya kukanyaga kwa mguu, na ile ya jirani ilikuwa ikiazimwa kwa barua. Nilipokaa pale mara ya kwanza nikatazama kushoto na kulia, nikingojea mtu aje kuniondoa.

Kushoto kwangu alikuwepo kijana mwenye nywele za kijani akishona vazi la kuigizia, mabawa na kila kitu. Kulia mzee wa Kifini akifupisha pazia kwa rula, milimita kwa milimita. Nami nikiwa na mfuko wa rambo umejaa vipande vya vitenge nilivyotumiwa na dada kutoka Tanga, na khanga yangu moja iliyochakaa ambayo sikuwa na moyo wa kuifanya kitambaa cha jikoni.

Kazi yenyewe ilikuwa kalenda ya Adventi. Kwa asiyejua, hapa kila mtoto anahesabu siku kutoka tarehe 1 hadi 24 Desemba, kila asubuhi anafungua kidirisha kimoja na kukuta kitu kidogo. Madukani zinauzwa za karatasi na chokoleti. Binti yangu ana miaka saba, nikaamua ya kwake iwe ya kitenge: shuka moja la kutundika ukutani, mifuko 24, kila mfuko na namba yake. Ndani nitie ubuyu, kashata, vibanio vya nywele, na siku ya Mtakatifu Lucia, sikukuu ya mwanga ya huku, tarehe 13, mshumaa mdogo.

Hesabu kwa mdomo ni rahisi. Mifuko 24 ina pindo 24 za juu, na kila mfuko unapigwa pande tatu. Siku ya kwanza nilishona sita, nikajiona fundi wa Ngamiani kule Tanga. Siku ya pili tamaa ikanizidi, nikakunja kitenge mara nne pamoja na ukanda wa kutundikia, nikakanyaga. Sindano ikakatika, kipande kikaruka hadi kwenye pazia la mzee. Kosa ni langu, sindano nyembamba ile haikuwa ya kazi ile. Mhudumu akaja, akanibadilishia, akanionyesha jinsi ya kuzungusha gurudumu kwa mkono ukifika penye unene. Hakununa. Mzee naye akakiokota kipande, akakiweka mezani kwangu bila neno, kama mtu anayerudisha chenji.

Ushauri kwa anayekwenda kushona: weka nafasi mapema. Wafini wote wanakumbuka zawadi za mkono wiki zile zile unazokumbuka wewe. Mimi nilijisahau, ndiyo maana tarehe 1 Desemba ilinikuta na mifuko 19.

Sasa jikoni. Ndiyo, maktaba ina jiko, nalo linawekewa nafasi vile vile. Tulikwenda watatu: mimi, shoga yangu wa Mombasa, na mama mmoja wa Bukavu tunayesali naye. Hoja ilianza kabla hatujavua makoti. Wa Mombasa alitaka mahamri, ya tui na iliki. Nikamwambia, shoga, mimi siwezi kutenga karai la mafuta ya moto ndani ya maktaba, kitu kikitokea tutaandikwa magazetini. Yeye akasema hamri la kuokwa si hamri, ni mkate uliokosa adabu. Tukakubaliana kuoka vya kwao wenyeji.

Tulianza na joulutorttu, andazi la Krismasi la hapa lenye umbo la nyota. Ni keki ya matabaka ya siagi, unakata mraba, unachana pembe nne kuelekea katikati, unatia kijiko cha jamu ya plamu zilizokaushwa, kisha unakunja pembe moja ukiruka moja. Inatokea kama kile kititia cha makuti tulichokuwa tukikimbia nacho utotoni. Wafini wengi hununua matabaka yaliyogandishwa, na sisi tukafanya hivyo. Unapaka yai, unaiingiza kwenye oveni yenye moto wa nyuzi 225, dakika kumi na kitu. Matokeo? Trei ya kwanza nyota zilifunguka zote kwa sababu tulijaza jamu kwa ukarimu wa kipwani. Trei ya pili tulibana mkono. Hukumu yangu ni kwamba ya moto ni tamu mno, ikipoa inakuwa karatasi. Usimpelekee mtu kesho yake.

Pulla ndiyo iliyotukutanisha. Ni mkate mtamu wa maziwa, siagi na hamira, na ndani yake, msishangae, iliki ya kutosha kabisa. Nchi isiyoota hata jani moja la iliki inaitia kwenye mkate wa kila siku! Mimi kwetu ni Muheza. Ukipanda juu, Amani kwenye Usambara Mashariki, iliki inaota kivulini chini ya miti mikubwa, na bibi alikuwa akiianika kwenye jamvi. Tena Wafini hao hao ndio waliofadhili mradi wa kuhifadhi misitu ile miaka ya 1990. Nilikuwa mdogo, nakumbuka magari tu. Nilipoimenya iliki pale jikoni na kuitwanga, wa Mombasa akaacha ubishi, mama wa Bukavu akavuta pumzi na kusema, "Aksanti, Mungu." Unga ukaumuka, tukausuka mafungu matatu kama nywele, tukapaka yai, tukanyunyiza sukari ya chenga. Hiyo hata kesho yake inalika, hasa ukiichovya kwenye chai ya maziwa.

Shoga yangu alikula vipande vitatu kisha akatoa hukumu: ni hamri lililosafiri.

Sasa vitabu. Juu wanakuita Kirjataivas, mbingu ya vitabu, vitabu kama laki moja hivi, dari jeupe lenye matundu ya mwanga, sakafu inayopanda miishoni kama kilima, na miti hai kwenye vyungu. Kuna roboti zinazobeba vitabu vilivyorudishwa, binti yangu huzifuata kama kuku wa mwenzake. Mchana, theluji ikiwa imeanguka, kioo chote kinajaa weupe na unapata mwanga ambao hata nje huukuti. Vitabu vya Kiswahili si vya kuvitafuta rafuni pale. Viagize kwa mtandao wa Helmet, vitaletwa kwenye maktaba unayoichagua. Mimi niliagiza hadithi za watoto, kwa sababu binti ameanza kunijibu Kifini nikimwamsha.

Ila niseme ukweli wa moyoni: kama unatafuta kimya cha kujifunika blanketi na riwaya nene, Oodi siyo. Wala haikujengwa iwe hivyo. Ni sebule ya jiji, watoto wanateleza kwenye ule mwinuko, watalii wanapiga picha, mtu anasimulia habari za talaka yake kwenye simu. Mimi kwa kusoma huvuka mji hadi maktaba ya Rikhardinkatu, jengo la karne ya 19 lililosanifiwa na Theodor Höijer, lenye ngazi ya kuzunguka na harufu ya karatasi kuukuu. Huko hata kikohozi unakiomba ruhusa. Asubuhi nashona Oodi, jioni nasoma Rikhardinkatu, na giza la saa 9 linapita bila kunisalimia.

Kwa nyota, naipa 5 ghorofa ya katikati, 4 ya juu, na mkahawa siupi kitu kwa sababu hubeba chai yangu kwenye chupa.

Pulla mbili nilimpelekea bibi wa chini kwenye kontena la plastiki. Kesho yake kontena likarudi mlangoni pangu, ndani yake mna soksi za sufu, nyekundu, za mtoto. Huyu bibi hajawahi kufika pwani, wala hakuna aliyemwambia kwamba kwetu chombo cha jirani hakirudishwi kitupu.

Ile khanga yangu kuukuu ilikuwa ya "Mgeni njoo, mwenyeji apone". Mkasi ulipita katikati ya maneno. "Mgeni njoo" imeangukia mfuko wa 6, siku yao ya uhuru, kwa bahati tu. "Mwenyeji apone" niliitunza kwa ajili ya mfuko wa 24, ambao hadi leo haujashonwa. Nimeweka nafasi Jumamosi saa 4 asubuhi, mlango ukifunguliwa. Safari hii nakwenda na sindano nene.