Bima ya kizingiti cha juu na akaunti ya HSA: nyota ngapi?

Akaunti naipa nyota nne na nusu. Bima yenyewe nyota tatu, na hapo nimekuwa mkarimu. Naziweka mbalimbali makusudi, maana kazini watu wanazitaja kama kitu kimoja, na hata afisa utumishi aliyetuelezea alizichanganya hivyo hivyo. Ni vitu viwili. Kuna bima inayokuachia bili za mwanzo ujilipie mwenyewe, halafu kuna HSA, yaani akaunti ya akiba ya afya, ambayo sheria ya Marekani inakuruhusu kuitia fedha kwa sababu umekubali bima ya aina hiyo. Sheria ilipitishwa mwishoni mwa 2003, akaunti zikaanza 2004, na sharti hilo lipo mpaka leo.

Nafanya kazi kwenye ghala hapa Columbus, Ohio. Mke wangu na watoto wetu wawili wako kwenye bima yangu. Mpango wa zamani ulikuwa unanikata dola 210 kila wiki mbili. Huu unanikata 96. Kizingiti chake, yaani kiasi tunachojilipia wenyewe kila mwaka kabla bima haijatia mkono, ni dola 4,000 kwa familia. Tukishavuka hapo, bima inalipa asilimia 80 na sisi 20, mpaka tuwe tumetoa jumla ya dola 8,000. Baada ya hapo bima inabeba gharama zote. Mwajiri naye anatuwekea dola 1,000 kwa mwaka kwenye HSA.

Sasa piga hesabu. Tofauti ya makato ni dola 114 kila mshahara, mara 26, ni dola 2,964. Ongeza zile 1,000 za mwajiri, unapata 3,964. Yaani ukikusanya ulichookoa, kizingiti kimekaribia kulipika chote, na mwaka ambao hamkuugua fedha ni zenu. Kwenye karatasi mpango huu unaushinda wa zamani, na mimi niliuchagua kwa hesabu hiyo hiyo.

Tatizo ni kwamba akiba inakuja kidogo kidogo, bili inakuja yote mara moja. Mwezi wa pili kijana wetu aliteleza kwenye barafu akavunjika mkono. Chumba cha dharura, picha ya eksirei, plasta, na daktari wa mifupa wiki iliyofuata: dola 2,380. Kizingiti kilikuwa kimeanza upya tarehe 1 Januari, kwa hiyo zote zilikuwa zetu. Kwenye HSA kulikuwa na dola 250 za mwajiri, kwa sababu anaziweka kwa robo mwaka, pamoja na makato yangu machache. FSA, ile akaunti nyingine ya matibabu inayopatikana kupitia mwajiri, inakupa kiasi cha mwaka mzima tangu siku ya kwanza. HSA inakupa kilichomo tu. Ofisi ya malipo ya hospitali ilikubali tulipe kwa mafungu bila riba, nami nashauri kila mtu aombe hivyo kabla hajatoa kadi ya mkopo. Huwa hawakwambii mpaka uulize.

Jambo jingine la bili: usilipe karatasi ya kwanza inayokuja. Subiri barua ya bima inayoeleza wamepunguza kiasi gani. Hata kama kizingiti hakijafika na bima haitoi senti, bado unastahili bei waliyokubaliana na hospitali yenye mkataba nao, si bei ya ubaoni. Sisi tofauti kati ya karatasi ya kwanza na bei ya mwisho ilikuwa zaidi ya dola 900.

Chanjo za watoto na uchunguzi wa kila mwaka ni bure, kizingiti au hakuna kizingiti. Hilo ni la sheria na linafanya kazi kweli, ila kuna mtego. Nilienda uchunguzi wa mwaka, tukiwa tunamaliza nikamtajia daktari kwamba goti langu linauma nikipanda ngazi. Akaligusa, akaandika, na bili ya dola 140 ikafuata, kwa sababu goti si kinga, ni ugonjwa. Mke wangu anasema tangu hapo naenda kwa daktari kama shahidi mahakamani, sijibu nisichoulizwa.

Yeye ana pumu, na upande wa dawa ndiko bima ilipopata nyota yake ya tatu. Tangu 2019 IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, inaruhusu mipango hii kulipia baadhi ya dawa za magonjwa ya kudumu kabla ya kizingiti: insulini, dawa za kuvuta za steroidi kwa wenye pumu, baadhi ya dawa za moyo, hata mashine ya kupimia shinikizo la damu. Inaruhusu, hailazimishi. Kwetu dawa yake ya kila siku inalipiwa tangu Januari, lakini ile ya kupuliza akibanwa ghafla tunainunua kwa bei kamili mpaka kizingiti kifike. Omba orodha ya dawa ya mpango wako na uisome mstari kwa mstari kabla ya kusaini, maana kijitabu cha rangirangi hakisemi haya.

Na hapa ndipo naifikia akaunti, ambayo kwa kweli ndiyo iliyonifanya nisihame. Fedha zikiingia kupitia mshahara hazikatwi kodi ya mapato wala ile asilimia 7.65 ya Social Security na Medicare, yaani pensheni ya serikali na bima ya afya ya wazee. Kwa mtu aliye kwenye ngazi ya kodi ya mapato ya asilimia 12 kama mimi, kila dola 100 ninayoweka inaniokolea karibu dola 20 za kodi ya serikali kuu. Ukiweka mwenyewe kutoka benki, ile 7.65 huipati, kwa hiyo pitia kwenye mshahara kama mwajiri anaruhusu. Zikiwa ndani zinakua bila kodi, zikitoka kwa matibabu hazina kodi. Walioko California na New Jersey wajue jimbo lao linatoza kodi yake licha ya hayo yote. Kwa 2026 mwisho wa kuweka ni dola 4,400 kwa mtu mmoja na 8,750 kwa familia, za mwajiri zikihesabiwa humo humo. Aliyefikisha miaka 55 anaongeza 1,000. Hazifutwi mwaka ukiisha, na ukiacha kazi unaondoka nazo.

Kinachonifurahisha zaidi ni cha risiti. Gharama yoyote ya matibabu iliyotokea baada ya akaunti kufunguliwa unaweza kujirudishia baadaye, hakuna tarehe ya mwisho. Zile bili za mkono tulizolipa kwa mshahara, risiti zake ninazo. Nikitaka najilipa leo, nikitaka naziacha fedha zikue nijilipe kijana akiwa chuo. Ukitoa kwa jambo lisilo la matibabu kabla ya miaka 65, unalipa kodi pamoja na faini ya asilimia 20.

Sisi tuliotoka Afrika Mashariki kuna la kuangalia hapa. Mama yangu alifanyiwa upasuaji wa jicho nyumbani, na jambo la kwanza nililofikiria ni kumlipia kwa kadi ya HSA. Haiwezekani. Mzazi anahesabika tu kama ni mtegemezi wako kwa kodi, na mtegemezi asiye raia wa Marekani lazima awe mkazi wa Marekani, Kanada au Mexico. Nilimtumia fedha kwa simu kama kawaida. Lakini wewe mwenyewe ukienda likizo ukang'olewa jino kule, gharama inakubalika, beba risiti. Dawa za kununua kule na kuja nazo, kwa kawaida hapana.

Wanandoa wenye kazi mbili wawe macho: kama mwenzako ana FSA ya kawaida kazini kwake, wewe huruhusiwi kuweka chochote kwenye HSA, kwa sababu FSA yake inaweza kukulipia na wewe. Mke wangu ilibidi aache ya kwake. Ile FSA ya meno na macho peke yake haina shida.

Nusu nyota niliyoinyima akaunti ni ya kampuni inayoitunza. Wanakata dola 3.50 kila mwezi, riba yao ni ya kuchekesha, na huwezi kuwekeza mpaka uwe na dola 1,000 za kukaa tu. Wakati wa kodi kuna fomu 8889 ya kuripoti HSA, ambayo ukiwa na karatasi za mwajiri ni ya nusu saa. Nimefungua HSA nyingine isiyo na ada ya mwezi na ninahamishia huko, kampuni kwa kampuni, ili fedha zisipite mkononi mwangu.

Kwa 2026 nimejiandikisha tena na nimepandisha ninachoweka kutoka dola 90 hadi 130 kila mshahara. Shemeji yangu, ambaye ana kisukari na hana akiba ya hata dola 500, nimemwambia abaki kwenye mpango wake wa zamani, na mwakani tukae naye na orodha ya dawa ya kampuni yao.