Nilivyoshuka mita 20 chini ya Gereza la Fremantle

Nyota nne. Ya tano imeliwa na kahawa, nitaeleza.

Naishi Perth, Australia, na mji wa Fremantle ni kama nusu saa kwa treni, lakini miaka yote nilikuwa naenda kula samaki na chipsi nikarudi. Shangazi alipokuja kunitembelea kutoka Mombasa ndipo nilipoumbuka: mgeni anauliza, mwenyeji hana jibu. Jumapili tukaenda kuuzunguka mji wenyewe.

Tulianzia Round House, jela ya pande 12 iliyofunguliwa 1831, miaka miwili tu baada ya Waingereza kuanzisha koloni. Humo Wanoongar, wenyeji wa asili wa eneo hili, na wenyeji wengine wa asili walifungiwa wakisubiri kuvushwa kwenda gereza la kisiwa cha Rottnest. Fremantle yenyewe Wanoongar wanaiita Walyalup. Saa 7 mchana mzinga ukalia. Ni desturi ya kila siku, tangu enzi meli zilipotegea saa zake hapo. Shangazi nusura adondoshe mkoba: "Wee! Ramadhani bado, mzinga wa nini?"

Ila nilichotaka kuwaambia hasa ni mahandaki. Gereza la Fremantle lilijengwa na wafungwa wenyewe miaka ya 1850, kwa mawe ya chokaa, likafungwa 1991. Hadi siku hiyo vyumba havina choo, watu wanatumia ndoo. Shangazi akapapasa ukuta, akasema, "Hata Fort Jesus ilikuwa jela, mwanangu, lakini sisi tulikuwa na bahari ya kutazama."

Kabla ya kushuka unapuliza kipimo cha pombe, unavaa ovaroli, buti na helmeti yenye taa. Kisha ngazi, wima, mita 20, umefungwa kamba ya usalama. Shangazi alichungulia tundu, akachukua mikoba yote. "Nenda, mimi nipo hapa."

Chini kuna maji. Unatembea ndani yake umeinama, halafu mnapanda vimashua na kupiga kasia mahali dari limekaribia kugusa helmeti. Nilipitisha kidole kwenye alama za sururu ukutani, bado zina makali. Wafungwa walichimba mwishoni mwa karne ya 19 kupata maji matamu ya gereza na mji. Tulipozima taa, nilisikia matone na pumzi za watu tu. Dakika moja ilinitosha kabisa.

Sasa kahawa. Mgahawa mmoja karibu na hapo ulituongezea bei kwa sababu ni Jumapili, na tangazo lenyewe limeandikwa kwa herufi za sisimizi. Kahawa ilikuja baridi. Shangazi aliinywa akitazama risiti.

Nafasi za mahandaki ni chache, wekeni mapema. Mwenye hofu ya sehemu finyu abaki na mikoba. Na soksi za akiba usisahau. Zangu zilirudi Perth kwenye mfuko wa nailoni.