Mwekezaji au mteja: maneno ya nusu dakika hayafanani

Una sekunde 30, ukibahatika 60, za kuieleza biashara yako, tuseme programu ya simu inayofunga hesabu kwa picha za risiti. Mbele ya mwekezaji, anza na tatizo na fedha: nani analipa, analipa kiasi gani, na kwa nini wewe ndiye utakayeliweza soko hilo. Yeye hanunui programu yako, ananunua sehemu ya kesho ya biashara yako. Ndiyo maana tarakimu moja yenye uzito, mathalani idadi ya wateja wanaorudi kila mwezi, humshika kuliko sifa kumi. Kisha omba kidogo: dakika 20 za mazungumzo, si hundi.

Mteja ni habari nyingine. Ukubwa wa soko haumhusu ndewe wala sikio. Mwambie hivi: "Unaujua ule usiku wa kufunga hesabu, risiti zimetapakaa mezani? Sasa unazipiga picha tu, hesabu inajifunga." Akiguna "ehee", umempata.

Kwangu mimi, hotuba ya mteja ndiyo ngumu, ingawa wengi hukesha wakiandaa ya mwekezaji. Mwekezaji kusikiliza ni kazi yake. Mteja hakuomba kusimuliwa lolote. Kwa hiyo mimi huandika ya mteja kwanza, halafu naigeuza iwe ya mwekezaji: risiti zinabaki sentensi ya kwanza, tarakimu zinafuata.