Ziara ya miguu ya majengo ya kale, Posta hadi Ocean Road: uzoefu wangu

Ukifanya kazi Posta, Dar es Salaam, majengo haya unayapita kila siku ukiwahi kivuko au daladala. Mimi nililipia kutembezwa Jumamosi asubuhi, na hela yangu naiona imerudi, ingawa manung'uniko ninayo.

Tulianzia Boma la Kale, Barabara ya Sokoine, lililojengwa 1867 enzi za Sultani Majid wa Zanzibar. Hapa ndipo penye utamu wote. Kiongozi alitusimamisha mahali lipu ilipobanduka, jiwe la matumbawe likaonekana wazi na vitundu vyake, limeshikwa kwa chokaa. Kisha akasema tuinue macho darini: boriti za mikoko zimepangwa sambamba, ukuta hadi ukuta. Boriti ya mkoko haipatikani ndefu sana, kwa hiyo upana wa chumba huamuliwa na mti. Ndiyo sababu vyumba vya nyumba za mawe za pwani ni vyembamba na virefu. Nimelala katika vyumba vya aina hiyo Unguja na hakuna aliyewahi kunieleza.

Wajerumani walihamishia makao yao makuu Dar kutoka Bagamoyo mwaka 1891, ndipo ujenzi ukapamba moto. Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu lilianzwa 1897 na kukamilika 1902. Ndani tulikaa kidogo kutazama matao yaliyochongoka na vioo vya rangi. Kanisa la Kilutheri la Azania Front, lililoanzwa 1898, tuliliangalia kwa nje tu: vigae vyekundu, mnara, picha mbili tatu, twende. Kwa maoni yangu lilistahili muda zaidi kuliko hadithi za magavana tulizosimuliwa juani.

Na jua lenyewe! Kiongozi alichelewa, tukaondoka saa nne wakati tuliambiwa saa mbili. Halafu wageni wawili wa Ulaya walipojiunga, maelezo yote yakageuka Kiingereza, na sisi Waswahili tuliokuwa wengi tukaachiwa muhtasari. Hilo lilinikera.

Hospitali ya Ocean Road, ya 1897, tuliiona kutoka barabarani. Hapo siwalaumu, kuna wagonjwa wa saratani wanaotibiwa humo.

Nawapa nyota nne. Ukienda, ulizia kabla ya kulipa kama kuna kundi la Kiswahili, na beba kofia na maji.