Seti nusu ya gofu ya wanawake: inaleta wanachama, ila draiva ibaki kwenye begi

Kundi la wanawake linalosaka wanachama wapya hapa Dodoma hukutana na swali moja kabla ya mengine yote: fimbo tutazitoa wapi? Wengi huishia kununua seti nusu ya mtumba, yaani begi lenye fimbo saba: draiva (fimbo ya kupiga mbali), fimbo ya mbao namba 5, haibridi (mchanganyiko wa fimbo ya mbao na aironi), aironi (fimbo za kichwa chembamba cha chuma) namba 7 na 9, weji ya mchangani (ya kutoa mpira mchangani) na pata (ya kuviringisha mpira hadi shimoni). Kanuni zinaruhusu hadi fimbo 14, lakini mgeni hahitaji hata nusu yake. Kwa kazi ya kukaribisha watu, begi hili tunalipa nyota nne kati ya tano. Nyota ya tano imeanguka kwa wauzaji.

Muuzaji akifungua begi, kitu cha kwanza kukionyesha ni draiva, maana ni kubwa na inang'aa. Kwa anayeanza hakuna fimbo ngumu kuliko hiyo. Mpini wake ni mrefu kuliko zote na uso wake umelala kidogo tu, kwa hiyo mpira hutambaa, huchepuka, au hauguswi kabisa mbele ya watu kumi wanaotazama. Mtu akipiga hewa mara tatu namna hiyo, Jumamosi ijayo humwoni. Aironi namba 7 ni fupi, uso wake umelala zaidi, na mpira ukiguswa nusu vizuri unapanda wenyewe. Huo mpira mmoja unaopanda ndio unaomrudisha mtu.

Kabla ya kulipa, kagua. Mpini wa fimbo ya wanawake huwa na herufi L, na mara nyingi ni wa grafaiti, mwepesi kuliko wa chuma. Kuna fimbo za wanaume zilizokatwa inchi mbili zikapewa mshikio wa rangi ya waridi, hizo ziache. Mpini ukikatwa unazidi kukakamaa na kichwa kinakuwa chepesi mkononi, mpigaji hasikii fimbo iko wapi. Kisha bana kichwa katikati ya viatu na unyonge mpini taratibu. Ukisikia mlio au kichwa kikacheza, gundi imekwisha, na kichwa kinachochomoka kinaweza kumuumiza mtu vibaya. Pitisha ukucha karibu na shingo kutafuta ufa. Mshikio uliokauka ukang'aa osha kwa sabuni, maji ya uvuguvugu na brashi laini. Ukiwa umepasuka, hesabu gharama ya kuubadilisha ndani ya bei. Na begi lisilale kwenye buti la gari juani: joto linalegeza gundi na kukausha mpira wa mishikio.

Kisichokuja na begi ndicho kinachosumbua zaidi huku kwetu. Mvua za Dodoma huisha karibu Aprili, na baada ya hapo uwanja wa wazi unakuwa mgumu kama sakafu. Fimbo ikigonga ardhi hiyo, mshtuko unaishia kwenye kifundo cha mkono, na mgeni anaondoka akiamini gofu inaumiza. Zulia jembamba halisaidii, linateleza. Weka zulia la nyasi bandia juu ya mpira mzito, kama ule wa kukanyagia ndani ya gari. Tii ya mti, kile kijiti cha kusimamishia mpira, haiingii ardhini. Kipande cha bomba la kumwagilia bustani, sentimita tatu, kikisimamishwa juu ya zulia kinafanya kazi ileile. Mipira ya sponji ni salama panapokuwa na watoto na magari, lakini upepo wa mchana unairudisha nyuma na mbigili zinaitoboa. Anzeni saa moja asubuhi, upepo uwe mgongoni, na fagieni mahali pa kupigia.

Wageni 12 wanatosha kwa asubuhi moja, wawili kwa kila zulia: mmoja anapiga, mwenzake anasubiri mita nne nyuma ya alama iliyochorwa kwa chokaa. Waanze na pata kwa umbali wa mita moja, robo saa, kila mtu aone mpira ukiingia. Shimo halisi la gofu lina kipenyo cha milimita 108. Kwa siku ya kwanza kopo pana zaidi halina dhambi. Halafu aironi namba 7, fimbo isipite kiuno. Ikifika saa tatu, funga. Raba za kawaida, sketi ndefu na hijabu havizuii kitu, na tangazo liseme hivyo wazi, kwa sababu wengi hubaki nyumbani kwa kuhofia mavazi.

Ada isemwe siku hiyohiyo, yote: ya kundi, ya uwanja, ya kedi anayebeba begi. Anayeikuta njiani baadaye anaona amedanganywa. Kila mgeni akabidhiwe kwa mwanachama mmoja atakayempigia simu ndani ya siku mbili. Ujumbe wa jumla kwenye WhatsApp haumwiti mtu. Mfahamisheni pia kwamba tangu mfumo wa dunia wa handikapu (namba inayoonyesha uwezo wa mchezaji, kubwa ikiwa ya anayeanza) uanze mwaka 2020, kiwango cha juu ni 54 kwa wanawake na wanaume, na matokeo ya mashimo 54 yaliyoandikwa kwenye kadi yanatosha kumpatia mtu handikapu yake ya kwanza. Hapo uoga wa "mimi sijui" hupungua sana.

Safari ya kwanza ya uwanja halisi wa gofu, tuseme Morogoro Gymkhana, imekuwa rahisi tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024. Huko chezeni wanne wanne: wote wanapiga, mpira uliokaa vizuri ndio unaochaguliwa, na wote wanapiga tena kutoka hapo. Hakuna anayeachwa nyuma akitafuta mpira wake vichakani.

Kwa kundi lenye fedha kidogo kuna njia bora kuliko begi lenyewe. Muulize muuzaji kama anauza fimbo mojamoja, uchukue aironi namba 7 sita na pata mbili. Aironi moja iwe ya mkono wa kushoto.